Gari la Nekoye, Nusu Stima Nusu Petroli

Kwa miaka kumi na minne Nekoye alizunguka nyanda za juu za Uasin Gishu kwa pikipiki, mtungi wa naitrojeni ya kugandisha umefungwa kwenye keria, na ndani ya mtungi mbegu za mafahali ambao hakuwahi kuwaona kwa macho. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe. Mkulima akiona asubuhi kwamba ng'ombe wake anataka fahali, anapiga simu, na kabla ya jua kutua Nekoye awe amefika. Akichelewa, mkulima anangoja wiki tatu nyingine, na wiki tatu kwa mfugaji si mchezo. Kwa hiyo mvua ilimnyeshea, vumbi lilimpaka, na wakulima wakamwita Daktari, ingawa cheti chake kilisema fundi wa mifugo tu.

Kwao ni Kimilili, lakini alikuwa ameolewa akaletwa Eldoret, na yeye na mumewe Wepukhulu, mwalimu wa hesabu, walikuwa wamejenga mtaa wa Munyaka. Mtoto wao mmoja, Nasambu, alikuwa chuoni. Maisha yalikuwa yanaenda vizuri mpaka siku ile ya Aprili pikipiki ilipoteleza kwenye barabara ya udongo, ikamwangusha kwa mgongo, mtungi ukabingirika hadi mtaroni. Mtungi haukupata hata mkwaruzo. Mgongo ndio uliopata.

"Mama," daktari wa watu alimwambia akitazama picha, "mgongo huu ukiupandisha pikipiki mwaka mmoja mwingine, utakaa kitandani miaka kumi."

Ndipo Nekoye alipoanza kutafuta gari. Akiba yake ya Sacco ilikuwepo, na alikuwa na mitamba wawili wa kuuza. Kila gari alilolitaka lilikuwa ghali, na kila gari aliloliweza lilikuwa limechoka. Hadi mteja wake mmoja akamwambia kuna mhadhiri anahamia ng'ambo na anauza gari lake haraka, gari kubwa la Kijapani, refu kutoka chini, safi ndani kama sebule ya pasta, kwa shilingi milioni moja na laki mbili. Magari ya ukubwa ule na umri ule yalikuwa yakiuzwa karibu mara mbili ya hiyo.

"Lina ugonjwa gani?" Nekoye aliuliza.

"Halina ugonjwa. Ni lile la kuchaji na la petroli pamoja. Watu wanaliogopa."

Na kweli walikuwa wanaliogopa. Fundi wa magari aliyekuwa akimtengenezea pikipiki aliinua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya machungwa, akaishusha boneti polepole kama mtu aliyefungua mlango akakuta nyoka. "Daktari, mimi nina watoto," alisema, akanawa mikono.

Wepukhulu naye hakumung'unya maneno. "Mama Nasambu, gari la kuchaji kama simu? Simu yako yenyewe kila jioni iko asilimia nne!"

"Baba Nasambu, lina petroli pia. Stima ikiisha, injini inaingia."

"Na betri ikifa? Umeuliza betri mpya ni pesa ngapi?"

Alikuwa ameuliza. Jibu lilimnyima raha siku mbili: betri mpya ingeweza kumeza zaidi ya nusu ya bei ya gari lenyewe. Hapo ndipo wanunuzi wote walipokuwa wakigeuka na kwenda zao, na ndiyo sababu bei ilikuwa imeshuka hivyo.

Lakini Nekoye alikuwa na rafiki aitwaye Apondi. Apondi alikuwa fundi wa stima mwenye kibanda cha mabati mtaa wa Huruma, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na kwa miaka mitatu alikuwa akijifundisha mambo ya magari ya betri kwa kusoma usiku na kufungua mchana. Nekoye alimchukua wakaenda pamoja kwa mhadhiri. Apondi alichomeka kidude kidogo kama kiberiti chini ya usukani, akafungua simu yake, akasoma namba moja moja zilizotoka kwenye kidude.

"Sabini na moja," Apondi akasema mwishowe.

"Sabini na moja nini?"

"Asilimia. Lilipokuwa jipya betri ilikuwa mia. Sasa imebaki sabini na moja. Imezeeka, lakini haijaoza. Vyumba vyote vya betri viko sawa, hakuna kimoja kinachovuta wenzake chini. Na Eldoret hakuna joto la kuipika. Itakupeleka kilomita thelathini kwa stima, thelathini na tatu ukiwa mpole. Baada ya hapo ni petroli." Kisha akamgeukia mhadhiri. "Mwalimu, kwa betri ya sabini na moja, punguza laki moja."

Mhadhiri alikuwa na tiketi ya ndege mfukoni. Alipunguza.

Ah, siku ile ya kwanza! Nekoye aliketi, akabonyeza kidude cha kuwasha, akangoja mngurumo. Kimya. Akabonyeza tena, taa zikazimika.

"Umelizima," Apondi alicheka. "Lilikuwa limewaka! Bonyeza mara moja, kanyaga mafuta."

Gari lilisogea bila sauti, kama mtu anayetoka kanisani mahubiri yakiendelea. Nekoye alipiga kelele za furaha peke yake barabarani. Huko Munyaka mbwa aliyekuwa amelala katikati ya njia hakuinua hata sikio, ikabidi apigiwe honi. Jioni majirani walikuja mmoja mmoja wakijifanya wanaomba chumvi, na kila mmoja akaomba kupelekwa hadi kona na kurudishwa.

Furaha hiyo nusura iingie doa usiku huo huo. Alikuwa amechomeka waya wa kuchajia kwenye soketi ya sebuleni, kupitia dirishani. Baada ya nusu saa Wepukhulu akanusa. "Nini kinaungua?" Plagi ilikuwa imelainika kama mshumaa.

Apondi alikuja asubuhi, akaitazama soketi kwa huruma. "Hii iliwekwa kwa ajili ya redio na pasi. Pasi unaitumia dakika kumi. Gari linavuta saa tatu, nne, bila kupumzika." Akavuta waya mnene mpya moja kwa moja kutoka kwenye boksi la mita hadi ukuta wa nje, na swichi yake peke yake, na kifuniko cha kuzuia mvua. Kazi na vifaa vilikula elfu kumi na tisa, na hakuna mtu aliyekuwa amemtajia Nekoye gharama hiyo kabla ya kununua. Wakala wa bima naye aliongeza kidogo juu ya kiwango cha kawaida, akisema gari kama hilo likigongwa hajui atalipeleka kwa nani.

Wepukhulu, ambaye hesabu ni damu yake, hakuweza kuvumilia bila kupima. Jioni moja alisimama mbele ya mita kabla gari halijachomekwa, na asubuhi akasimama tena. Kujaza betri kulikuwa kumekula uniti saba na nusu, kama shilingi mia mbili na ishirini za tokeni. Kwa hizo Nekoye alienda kilomita thelathini. Gari la kawaida la ukubwa ule lingekunywa lita tatu za petroli kwa safari hiyo hiyo, na lita tatu ni zaidi ya mia tano.

"Sawa, nimekubali nusu," alisema. "Lakini pikipiki ingetumia chini ya hata hiyo."

"Pikipiki ingetumia mgongo wangu, Baba Nasambu. Uniti moja ya huo ni pesa ngapi?"

Wepukhulu akarudi kwenye mita yake, na Nekoye akahesabu ushindi huo kimoyomoyo.

Kadiri wiki zilivyopita alijifunza tabia za gari lake kama unavyojifunza tabia za ng'ombe. Mtungi wa naitrojeni aliufunga nyuma kwa mikanda, na dirisha aliliacha wazi kidogo hata kwenye baridi, maana hewa inayotoka kwenye mtungi huo ikijaa ndani ya gari inaweza kumlaza mtu asiamke. Alijifunza kwamba kutoka mjini kwenda upande wa Sugoi barabara inashuka, na kwamba akiachilia mafuta kwenye mteremko gari lenyewe linarudisha stima kwenye betri; mara ya kwanza alipoona vistari vikiongezeka badala ya kupungua alimpigia Apondi simu kumwambia kumetokea muujiza. Kurudi nyumbani ni kupanda, na hapo injini ilikuwa ikiamka na kuanza kuidai petroli. Siku za kwenda karibu hakuweka petroli kabisa. Siku za kwenda mbali kwa wateja watatu wanne, alilipa kama wenye magari wengine, au zaidi kidogo, kwa sababu gari lilikuwa zito. Uzito huo ulimwaibisha mara moja karibu na mji wa Turbo, likazama kwenye tope hadi tumboni, akavutwa na trekta mbele ya wanafunzi wote wa shule ya msingi waliokuwa wakishangilia.

Lakini siku ambayo watu wa Sugoi bado wanaizungumzia ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa nane.

Usiku wa kuamkia siku hiyo dhoruba ya mvua ya mawe ilikuwa imepita. Mkaratusi mkubwa ulikuwa umeanguka juu ya laini ya stima, ukaburuta nguzo tatu. Nekoye alifika kwa Jemutai saa nne asubuhi kumwona mtamba aliyekuwa akipiga kelele tangu alfajiri. Jemutai alikuwa mjane wa umri wake, mwenye ng'ombe wanne na mashine ya kuangulia mayai ambayo ilikuwa ndiyo inayomsomeshea watoto. Kwa kawaida angemlaki getini kwa "Chamgei, Daktari!" ya kusikika hadi kwa jirani. Siku hiyo hakuonekana.

Nekoye alimkuta ndani ya chumba cha mashine, amepiga magoti, amefunika mashine kwa mablanketi yote ya nyumba, mitungi ya maji moto imepangwa kuizunguka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Stima ilipotea jana saa moja jioni," alisema bila kuinuka. "Nimebadilisha maji usiku kucha. Mayai mia nne na sitini, Daktari. Leo ni siku ya kumi na tisa. Keshokutwa yanaanguliwa."

"Na jenereta?"

"Nilimkopesha shemeji, akaiunguza. Na wale wa stima wamesema laini itachukua siku mbili, tatu." Akaweka sikio kwenye mlango wa mashine. "Yalikuwa yameanza kulia ndani. Sasa sisikii."

Nekoye alitazama kipima joto. Kilikuwa kimeshuka mno. Kisha, kama mtu aliyegutushwa, akageuka na kutazama nje, kwenye gari lake. Nyuma, pembeni ya buti, kulikuwa na soketi mbili ambazo hakuwahi kuzitumia, zimefunikwa kwa vifuniko vyenye maandishi ya Kijapani.

Alimpigia Apondi huku akikimbia. "Apondi! Zile soketi za nyuma ya gari, zinatoa stima kweli?"

"Zinatoa. Wati elfu moja mia tano. Kwa nini?"

"Nataka kuchomeka mashine ya mayai. Nina waya hapa—"

"Usichomeke!" Sauti ya Apondi ilitoka kwenye simu hadi Jemutai akaisikia ndani. "Hiyo ni stima ya Japani, volti mia moja! Mashine yenu ni ya mia mbili na arobaini, haitapata nguvu, unaweza kuiua. Nina transfoma hapa dukani ya kupandisha volti. Nipe saa moja. Na wewe liache gari nje kabisa, mbali na ukuta, moshi usiingie ndani!"

Saa ile moja ilikuwa ndefu kuliko msimu wa kiangazi. Walichemsha maji kwa kuni, wakabadilisha mitungi, wakachemsha tena. Mtamba alikuwa bado anapiga kelele bandani hakuna wa kumsikiliza. Mwishowe boda ilionekana ikiruka mashimo, na nyuma ya dereva alikuwa amekaa Apondi, amekumbatia transfoma ya chuma kama mtoto mchanga, nywele zote zimejaa vumbi.

Hakusalimia mtu. Alipima volti kwenye soketi ya gari, akapima upande wa pili wa transfoma, akatikisa kichwa kwa kukubali, akavuta waya hadi chumbani. "Washa."

Jemutai aliwasha. Taa ndogo ya kijani ikamulika, feni ikaanza kuzunguka, na wanawake watatu waliruka pamoja kama wasichana waliofunga bao.

Lakini Nekoye alipoangalia dashibodi furaha ikampungua. Alikuwa ameitumia karibu stima yake yote kuja; vilibaki vistari viwili. Baada ya muda kimoja kikazimika. Walisimama wakitazama kile kilichobaki. Halafu, bila mtu kugusa chochote, gari likatikisika na injini ikanguruma yenyewe.

"Kai!" Jemutai aliruka nyuma. "Nani ameliwasha?"

"Limejiwasha!" Nekoye alipaza sauti, machozi yanamlenga. "Linajichaji lenyewe kwa petroli! Unaona? Likishiba litazima, likisikia njaa litawaka tena!"

"Lingekuwa la stima tupu," Apondi alisema, akifuta jasho, "sasa hivi tungekuwa tunakaanga mayai."

Saa saba mchana kipima joto kilikuwa kimerudi mahali pake. Ndipo Nekoye alipokumbuka mtamba, akanawa mikono, akaenda kufanya kazi iliyomleta.

Gari lilikaa pale siku tatu, likiwaka na kuzima. Nekoye aliwafikia wateja wengine kwa kubebwa na mtoto wa dada yake Jemutai mwenye pikapu, akarudi kulala hapo. Jumatano asubuhi petroli ilikuwa inaelekea ukingoni, na kabla hajajua afanyeje, Wepukhulu, aliyekuwa amesimuliwa yote kwa simu usiku, akatokea getini, ameshika galoni la lita kumi, tai ya shule bado shingoni.

"Mwalimu! Huna darasa?" Nekoye alishangaa.

"Nimebadilishana na mwenzangu." Alizunguka gari mara mbili, akasikiliza injini, akatazama saa yake, akamwuliza Apondi kwa simu mashine inavuta wati ngapi, gari lenyewe linajitumia ngapi. Alikuwa anang'aa uso kama mtu aliyepewa mtihani anaoujua. "Tangu jana limekunywa chini ya lita sita. Sita! Ile jenereta aliyoiunguza shemeji ingekunywa hizo kabla ya chai ya usiku."

"Umekubali nusu ya pili?" Nekoye alimwuliza.

"Mimina mafuta, Mama Nasambu," alisema, akicheka.

Alhamisi saa tatu asubuhi Jemutai alitoka mbio kutoka chumbani, viganja vimefumbatwa. Alifungua mikono yake, na humo mlikuwa na kifaranga kilicholowa, kibaya kama panya, kinachoyumbisha kichwa na kulia kwa nguvu zote. "Kimetoka! Na wengine wanatoboa!" Majirani waliokuwa wamekuja kuchaji simu kwenye gari walijazana mlangoni, wakawa wanahesabu kwa sauti kila ganda lililopasuka kama watu wanaotazama mbio za marathoni. Ilipofika jioni, hesabu ilikuwa mia tatu na themanini na tisa. Stima ya laini ilirudi Ijumaa.

Jemutai alitaka kumpa Nekoye fungu la pesa. Nekoye alikubali bei ya petroli tu, na nauli ya Apondi. Apondi kwa upande wake alidai vifaranga ishirini, akavipata.

Tangu hapo kila Nekoye alipoegesha, watu walimzunguka kumwuliza kama nao wanunue. Hakumdanganya yeyote. Kiplimo, mkulima wa mahindi aliyekuwa akienda Kitale na kurudi kila siku, alimwambia, "Wewe usinunue. Stima itakuishia kabla hujamaliza robo ya njia, utabeba betri nzito bure." Kwa mwalimu mkuu aliyeishi kilomita kumi kutoka shuleni alisema, "Wewe linakufaa, lakini kwanza mwite Apondi aangalie betri, na utenge pesa za waya mpya nyumbani. Na ujue betri hiyo ni kama jino, siku yake itafika." Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuweka kando kidogo kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo, na Apondi alikuwa akimtafutia mahali ambapo chumba kimoja kimoja cha betri kingeweza kubadilishwa badala ya yote. Apondi sasa alikuwa na kazi nyingi kiasi cha kuajiri fundi wa pili, mwanamke pia.

Kisha ikafika Jumatatu moja ya muhula wa tatu. Wepukhulu, ambaye kwa miezi yote hiyo hakuwahi kugusa usukani ule, alitokea jikoni amevaa koti lake zuri, akakohoa.

"Mama Nasambu, leo wewe uko hapa hapa mtaani, sivyo? Nilikuwa nafikiri niende na gari shuleni. Kidato cha Tatu wanataka kuona hesabu zangu kwa macho."

Nekoye alimpa ufunguo. Akamsikia akifungua mlango, akifunga mkanda, akibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Dakika mbili zikapita, kisha kioo kikashuka na sauti ya mwalimu wa miaka ishirini na mbili kazini ikaita kwa hofu ya kweli, "Mama Nasambu! Njoo! Limekataa kuondoka! Betri imekufa!"

Nekoye alitoka na kikombe cha chai mkononi. Aliona waya wa kuchajia ungali umechomekwa ubavuni mwa gari, umetoka ukutani, umelishika kama kamba ya ng'ombe. Gari hilo haliondoki likiwa bado kwenye chaji. Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, chai ikamwagika, na Wepukhulu alipogeuza kichwa akauona ule waya, naye akaegemea usukani akicheka hadi honi ikalia, na Munyaka yote ikajua mwalimu leo anaendesha.